Jukwaani Sisi Ndio Umati: Hotuba Kuhusu Tamthilia Zinapogeuzwa Filamu

Haya ni maneno niliyoyatoa Ijumaa jioni mbele ya wapenzi wa maigizo waliokutana Mji wa Kale, Mombasa. Wengi walizuiwa na mvua, wakaniomba niwawekee. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, isipokuwa vipande vya filamu nilivyoonyesha ukutani, ambavyo nimevieleza kwa maneno.

Wazee wetu mlioketi mbele, mabibi na mabwana, na nyinyi vijana wa vikundi vya maigizo mliokaa chini kwa kukosa viti: Assalamu alaykum, na kwa wenye salamu nyingine, hamjambo.

Nimeombwa nijibu swali hili: je, tamthilia kongwe, zilizotungwa kwa ajili ya jukwaa, hufaulu zinapogeuzwa kuwa filamu? Nitajibu. Lakini kabla sijawasema wakubwa wa Uingereza na Japani, sina budi kuanza na aibu yangu mwenyewe.

Miaka 13 iliyopita, mimi na wenzangu tuliigiza tamthilia iliyokuwa ikitahiniwa katika shule za sekondari. Tulizunguka nayo kutoka Likoni hadi Kilifi, na kila tulipofika, wanafunzi walicheka pale tulipotaka wacheke na wakanyamaza pale tulipotaka wanyamaze. Bwana mmoja mwenye kampuni ya kurekodi akatujia na rai nzuri: tuigize mara moja mbele ya kamera yake, naye auze nakala kwa shule ambazo gari letu bovu halikuweza kuzifikia. Siku ilipofika alisimamisha kamera moja nyuma ya ukumbi mtupu, akaiwasha, akatoka kwenda kunywa chai. Aliporudi akaona picha ya mbali inachosha, kwa hiyo kila mtu alipopaza sauti, yeye akawa anavuta uso wake karibu.

Baadaye nilikaa na wanafunzi wapatao 40 kuitazama kazi hiyo. Mtawala wetu alikuwa na ndevu za pamba iliyochovywa wino na kubandikwa kwa gundi. Kutoka benchi la tatu, ndevu zile zilimfanya mtawala. Katika kioo cha televisheni zilikuwa pamba, na upande mmoja gundi ilikuwa imeanza kuachia. Mwigizaji wetu hodari wa kike alikuwa na ule mnong'ono wa jukwaani, mnong'ono ambao mtu wa mwisho ukumbini hana budi kuusikia. Pale kwenye skrini, uso wake ukiwa umevutwa mpaka umejaa, alionekana mtu anayempigia kelele mgonjwa. Alipofika kwenye kifo chake, darasa zima likaangua kicheko.

Niliwakasirikia wanafunzi, kisha nikamkasirikia mwenye kamera. Ilinichukua muda kuelewa kwamba mwigizaji yule hakukosea hata kidogo. Alifanya kile kile alichokifanya Kilifi. Kilichokosekana ni wale waliokuwa wakimpokea. Ukumbi ulikuwa mtupu, na tamthilia ni kazi ya watu wawili, anayesema na anayesikia, wakiwa chini ya paa moja.

Kosa letu, hata hivyo, lina umri sawa na sinema yenyewe. Mwaka 1899 Herbert Beerbohm Tree, mwigizaji aliyevuma sana London, alisimama mbele ya kamera akaigiza vipande vya King John ya Shakespeare. Kilichosalia ni kama dakika moja tu. Mfalme ameketi kitini, anajinyonganyonga kwa sumu, anajishika kifua. Na sauti? Hakuna, kwa sababu filamu za wakati huo zilikuwa bubu. Hebu fikirini, ndugu zangu: kazi ya kwanza ya Shakespeare kuingia katika filamu iliingia bila neno lake hata moja! Ni kama kumwalika malenga kwenye harusi ukamziba mdomo, ukamwambia atikise kichwa.

Najua sisi watu wa mji huu jambo hilo linatuuma kuliko wengine. Huu ni mji wa malenga Muyaka bin Haji. Hapa neno lina heshima yake, na mtu husifiwa kwa namna alivyolipanga kabla hajasifiwa kwa alichokisema. Kwa hiyo mtu akituambia kwamba tamthilia ikienda kwenye filamu hupunguzwa maneno, hatua ya kwanza ni kununa. Mimi nilinuna miaka mingi. Nilidhani filamu bora ya tamthilia ni ile iliyopoteza maneno machache kuliko nyingine, na kwamba kazi ya mwongozaji ni kazi ya hamali: abebe mzigo wote kutoka jukwaani hadi kwenye skrini bila kuangusha kitu. Mwaka 1996 Kenneth Branagh aliubeba mzigo huo kwa ukamilifu, akatoa Hamlet isiyokatwa, ya takriban saa 4. Nimeitazama yote na nimeipenda. Lakini nilichokipenda ndani yake si kwamba hakuna kilichoanguka njiani.

Niwaulize swali ambalo ndilo kiini cha maneno yangu yote ya leo. Jukwaani, katika tamthilia yoyote kubwa, sisi watazamaji ni nani?

Wengi wenu mmesoma Juliasi Kaizari, ile tafsiri ya Mwalimu Nyerere iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1963. Mnakumbuka mazishi. Kaizari ameuawa. Bruto anapanda, anaeleza kwa nini walimuua, na watu wanaridhika. Kisha anapanda Antoni, anawaita wauaji waheshimiwa, anawaita tena waheshimiwa, na kila anapolirudia neno hilo linazidi kuoza mdomoni mwake, mpaka watu wanatoka wakitafuta nyumba za kuchoma moto. Sasa, jukwaani Antoni anamtazama nani? Anatutazama sisi. Waigizaji 6 au 8 wanaoitwa wananchi wa Roma wamesimama pembeni wakipiga mayowe, lakini umati wa kweli ni sisi tuliolipa kiingilio. Tuliridhika na Bruto dakika 5 zilizopita, na sasa tumegeuzwa. Aibu hiyo ni yetu. Jukwaani sisi ndio umati.

Mwaka 1953 Joseph Mankiewicz aliifanya filamu, na Marlon Brando akawa Antoni. Umati uko mle ndani ya picha, wamejaa chini ya ngazi, na sisi tumekaa gizani tukiwatazama watu wengine wakidanganywa. Tumepokonywa nafasi yetu. Filamu isipotupa nafasi nyingine, basi tumeibiwa. Mankiewicz alitupa nini? Katikati ya hotuba Antoni anaacha kusema, kana kwamba amezidiwa na huzuni, akaupa umati mgongo. Wale walio chini wanauona mgongo wa mtu anayelia. Kamera iko upande wa pili, nasi tunauona uso. Uso ule hauna msiba hata kidogo. Unasikiliza, unapima kama dawa imeingia. Hakuna kiti katika ukumbi wowote duniani ambacho mtu angekaa akaona migongo ya wanaodanganywa na macho ya anayewadanganya kwa wakati mmoja. Jukwaani tulikuwa wadanganywa. Katika filamu tumefanywa washiriki wa siri. Ni nafasi nyingine, lakini ni nafasi.

Hiki ndicho kipimo changu, mabibi na mabwana, na mnaweza kunipinga baadaye. Siulizi maneno mangapi yamebaki. Nauliza: mimi niliyekuwa ukumbini, nikishiriki, filamu imeniweka wapi?

Laurence Olivier alilijua hilo mwaka 1944 alipoifanya Henry V wakati Uingereza ikiwa vitani. Filamu yake inaanzia ndani ya ukumbi wa Globe, London ya kale, waigizaji wakijipaka rangi nyuma ya pazia, hadhira ikipiga kelele, mmoja wa waigizaji akikohoa kabla ya kuingia na kuwa mfalme. Anatuketisha kwanza benchini. Ni baada ya kukaa vizuri ndipo anapoufungua ukuta taratibu na kututoa nje, mpaka farasi wanapokimbia uwandani, uwanja ambao kwa kweli uko Ireland. Laiti yule bwana aliyetuacha na kamera akaenda kunywa chai angeonyesha angalau dakika 2 za wanafunzi wakiingia na kugombania viti!

Wapo wanaosema kwamba dawa ni kutoka nje: tamthilia iko chumbani, filamu iende barabarani, baharini, sokoni. Siamini. Kuna mchezo wa Reginald Rose kuhusu wazee wa baraza 12 waliofungiwa chumbani waamue kama kijana atahukumiwa kifo. Ulianza kama mchezo wa televisheni mwaka 1954, ukaingia jukwaani, na mwaka 1957 Sidney Lumet akaufanya filamu ambayo karibu yote imo katika chumba kile kile, katika joto, na feni iliyogoma kuzunguka kwa muda mrefu. Alichokifanya Lumet ni kazi ya fundi. Mwanzoni kamera iko juu kidogo ya macho ya watu, na chumba kinaonekana kipana. Katikati kamera inashuka mpaka usawa wa macho. Mwishoni iko chini, dari inaonekana juu ya vichwa, na lenzi zimebadilishwa ili kuta zionekane zimesogea. Hakuna aliyegusa ukuta. Mtazamaji anajikuta analegeza ukosi wa shati bila kujua sababu. Nasi Wakenya tusishangae, kwa maana tumelelewa na kipindi cha televisheni cha Vioja Mahakamani, kizimba kimoja na hakimu mmoja, na hakuna siku tuliyoomba watutoe nje.

Lakini wapo waliotoka nje wakafaulu, na mmoja wao anatuhusu kwa sababu ya ngome. Orson Welles alikwenda Morocco kuifanya Othello. Kazi ilimchukua takriban miaka 3, kwani mfadhili alifilisika, naye akawa anakwenda kuigiza katika filamu za wengine, anapata fedha, anarudi kupiga picha chache, zinakwisha, anaondoka tena. Siku moja katika mji wa Mogador, waigizaji wamefika na maleba hayajafika. Angefanya nini? Akalihamishia tukio la kuuawa kwa Roderigo katika hamamu, bafu la mvuke, maana kuogeni mtu hahitaji vazi zaidi ya taulo. Ukosefu ule ulizaa tukio ambalo wanafunzi wa filamu hulisoma hadi leo: mvuke, mbao za sakafu, upanga unaopenya mianyani. Na ugomvi wa walevi aliupiga picha katika birika la maji la chini ya ardhi lililojengwa na Wareno huko El Jadida. Mwaka 1952 filamu hiyo ikashinda tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes. Vijana wangu, Wareno walijenga ngome hapa kati ya 1593 na 1596, iko hatua chache kutoka tulipoketi, ina kuta, ina bahari, ina mizinga. Mnaniambia hamna mandhari?

Na kwa kuwa nimeitaja Othello, niseme kuhusu leso. Katika tamthilia, mume anaaminishwa kwamba mkewe ni mzinzi kwa sababu ya kitambaa cha mkononi. Nilipofundisha kisa hiki, wanafunzi wa kike walikuwa wakiniuliza: Mwalimu, kitambaa tu? Mwaka 2006 Vishal Bhardwaj alikihamishia kisa hiki kaskazini mwa India, kati ya magenge ya wanasiasa, katika filamu iitwayo Omkara, na leso akaigeuza kuwa mkufu wa kiunoni, wenye vito, wa urithi wa ukoo. Ndugu zangu, hapa Pwani nani anahitaji kuelezwa maana ya pambo la kiunoni mwa mke wa mtu kuonekana mikononi mwa mwanamume mwingine? Sisi tuliokulia kwenye foleni za majumba ya sinema ya Naaz na Regal tukitazama filamu za Kihindi, ambao hatukujua Kihindi lakini tulilia mahali panapostahili, tulielewa pale pale. Bhardwaj alibadilisha kitu kimoja, na wivu ambao Shakespeare alihitaji maneno mengi kuujenga ukawa na mlio wake: ukisikia vito vikigongana, tumbo linakaza.

Akira Kurosawa alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1957 aliifanya Macbeth kuwa kisa cha wapiganaji wa Japani ya kale, katika filamu ijulikanayo kwa Kiingereza kama Throne of Blood, na hakubakisha mstari hata mmoja wa Shakespeare. Mke wa mtawala ana uso uliotulia kama barakoa ya maigizo ya kale ya Noh. Hasemi mengi. Unachokisikia ni hariri ya vazi lake ikiburura sakafuni, shwaa, shwaa, anapokwenda gizani kuleta pombe ya kuwalevya walinzi, na anaporudi. Mistari mingapi ya hofu imeingia katika mburuzo ule wa hariri? Na mwishoni, mtawala anapogeukwa na askari wake, mishale inayomzunguka ni mishale ya kweli, iliyorushwa na wapiga mishale stadi, ikichoma mbao kando ya mwigizaji Toshiro Mifune. Hofu iliyo usoni mwake si ya kuigiza peke yake. Mwanafunzi wa Muyaka aliye ndani yangu alishindwa siku hiyo, nakiri.

Sasa turudi Afrika, maana tusije tukadhani jambo hili ni la wengine. Mwaka 1992 Djibril Diop Mambéty wa Senegali aliichukua tamthilia ya Mswisi Friedrich Dürrenmatt kuhusu bibi tajiri anayerudi katika mji wake uliofukarika, akaipa jina Hyènes, yaani fisi, na kuiweka Colobane, kwa Kiwolofu. Bibi huyo, Linguère Ramatou, anasemwa kuwa tajiri kuliko Benki ya Dunia. Anaahidi fedha zisizohesabika kwa sharti moja: wamuue mwenye duka aliyempa mimba ujanani akamkana na kuwahonga mashahidi. Watu wanakataa kwa hasira kubwa. Kisha wanaanza kukopa dukani kwa mtu huyo huyo. Viatu vipya. Sigara za bei ghali. Mwenye duka anaandika madeni daftarini, na kila anapoandika anaelewa fedha za kulipa zitatoka wapi. Je, hicho ni kisa cha Uswisi? Mtu aliyewahi kuona mtaa ukibadilika wiki mbili kabla ya uchaguzi atasema hicho ni kisa cha kwao.

Biyi Bandele wa Nijeria alifanya safari inayofanana na ya Nyerere. Tamthilia ya Wole Soyinka, Death and the King's Horseman, iliyochapishwa 1975, iliandikwa kwa Kiingereza juu ya Wayoruba. Katika filamu ya Elesin Oba ya mwaka 2022, ambayo Bandele hakuishi kuiona ikifunguliwa, watu wa Oyo wanasema Kiyoruba. Maneno yamerudi nyumbani. Elesin anapopita sokoni usiku atakaotakiwa kufa ili amfuate mfalme wake, na wanawake wakamzunguka kwa nyimbo, filamu inapaa. Inapoingia katika nyumba ya ofisa wa kikoloni, kwa maoni yangu, inashuka. Hapo waigizaji wanasimama wakisemeshana kwa zamu, na kamera haijui ikae wapi. Ile pamba na gundi yangu naiona kwa mbali.

Nimalizie kwa Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969. Tangu nianze kufundisha, sijawahi kukosa kijana anayeniambia kwamba hii lazima iwe filamu kubwa: Maji Maji, 1905 hadi 1907, mikuki, bunduki za Wajerumani. Naam, vita vitapendeza. Lakini tatizo liko kwenye maji. Kinjeketile anaingia mtoni, watu wanamkosa, anatoka akiwa na neno. Jukwaani hakuna mto. Kuna mwigizaji, kuna ngoma, kuna taa, na kuna sisi, na kila mmoja wetu anaamua moyoni mwake kama Hongo, pepo wa mtoni, alimchukua kweli au kama mtu huyu alijidanganya. Hussein ameliacha wazi kwa makusudi, maana kisa chote kinaning'inia hapo: mtu amezaa neno, neno likakua likamshinda nguvu yeye aliyelizaa, na mwishoni, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anatakiwa aseme maji yalikuwa uongo, naye anakataa.

Kamera haina huruma hiyo. Ukionyesha anatoka mtoni nguo zikiwa kavu, umeapa kwamba ni muujiza. Ukionyesha zimelowa, umemwita mwongo. Kamera ni shahidi asiyejua kusema "labda". Basi utafanyaje? Mimi jawabu langu lilikuwa tayari kwa miaka mingi: kamera isiingie mtoni kabisa. Ibaki ukingoni pamoja na mkewe, usiku kucha, tumwone akingoja, tuone nyuso za wanaongoja naye, na asubuhi tuyaone macho yao yakimtazama anayetoka, bila sisi kumwona. Hapo tutakuwa tumerudishiwa nafasi yetu, sisi ndio umati tena, tukiwa hatujui.

Wiki tatu zilizopita kijana mmoja wa kikundi chetu aliniambia, kwa adabu, kwamba nimekosea. Alisema kamera iende naye chini ya maji, macho yafumbwe, sauti zote zikatwe, na tukae humo mpaka pumzi ituishie sisi tulioketi. Nilimwambia haiwezekani. Akaenda kwenye mkono wa bahari wa Mtwapa na simu iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, akarudi na dakika 2 za kijani kibichi na mapovu. Nimezitazama mara nyingi kuliko nilivyomwambia. Yuko pale nyuma, karibu na mlango, na mkono wake uko juu tangu nilipotaja maji. Mpelekeeni kipaza sauti.